Unasahau wapi? Keep, Notes, Obsidian, Notion, Todoist na Anki bega kwa bega

Nina dokezo kwenye simu yangu lenye maneno manne tu: "Usisahau ile ya bluu." Nimeliandika mwenyewe, tarehe ipo, saa ipo, na nililipaka rangi nyekundu ili nijue ni la haraka. Miezi mitatu baadaye nilipokutana nalo sikuwa na habari ile ya bluu ni nini. Faili? Shati? Kidonge? Mpaka leo sijui, na sijalifuta. Programu yenyewe haikukosea kitu: ilihifadhi, ikapeleka nakala kwenye kompyuta, na siku nilipotafuta neno "bluu" kwa shughuli nyingine ikanitolea na hilo.

Naanza na kisa hicho kwa sababu swali la "apu gani nzuri ya madokezo" huwa linajibiwa kwa orodha ya vipengele, ilhali watu hawasahau kwa namna moja. Yupo ambaye wazo linamtoroka kabla hajalishika: amefungua simu, ameona arifa mbili, basi, limekwenda. Yupo anayeandika kila kitu lakini siku akikihitaji hakioni. Yupo anayejua vizuri anachotakiwa kufanya, ila anakikumbuka saa mbili baada ya wakati wake. Na yupo ambaye hata akiandika na kupata haimsaidii, kwa kuwa alitakiwa kukijua kichwani, kama mwanafunzi wa udaktari mbele ya mtihani au mtu anayejifunza lugha akiwa katikati ya mazungumzo. Sijaona programu moja inayotibu shida zote hizo, hata zile zinazojitangaza hivyo.

Wazo linapotoroka

Kwa kunasa nina kigezo kimoja tu: tangu simu ikiwa imefungwa mfukoni hadi herufi ya kwanza iandikwe, ni miguso mingapi? Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba kichwa hushika kwa mara moja vitu saba hivi, vizidi au vipungue viwili. Waliomfuata wameshusha hesabu hiyo hadi karibu vinne. Sasa hesabu mwenyewe: wazo lenyewe, programu ya kuliandikia, folda ipi, na jina gani juu yake. Vinne vimeshatimia, na wazo ndilo linaloanguka kwanza.

Google Keep, iliyotoka Machi 2013, inashinda hapa kwa wenye Android. Ukiiweka kwenye skrini ya mwanzo unapata vitufe vyake moja kwa moja: maandishi, orodha ya kutia tiki, mchoro, sauti, picha. Haikuulizi folda kwa kuwa haina folda. Ninachokipenda zaidi ni cha sauti. Unaongea, inaandika ulichosema, na sauti yenyewe inabaki chini ya maandishi. Siku ilipoandika upuuzi kwa sababu ya kelele za gari nilibonyeza nikajisikiliza, nikaelewa nilikuwa nasema nini. Programu nyingine nyingi zinakupa maandishi tu, yakikosewa umeumia.

Ila usiifanye ghala. Dokezo moja halipiti herufi zipatazo 20,000, na ukishakuwa na madokezo mia tatu Keep inageuka ukuta wa vikaratasi vya rangi. Lebo zipo, kubandika juu kupo, lakini jicho linachoka.

Kwa wenye iPhone, Apple Notes imekuwapo tangu simu ya kwanza ya 2007, na imekua kimyakimya mpaka kuwa programu kamili: folda, lebo, kuskani nyaraka, kufunga dokezo moja kwa nenosiri. Unatelezesha kidole juu ya skrini, unagusa alama ya dokezo, unaandika. Nikiwa mkweli, kwa mtu ambaye simu, tableti na kompyuta yake vyote ni vya Apple, na ambaye hana mpango wa kuhama, sioni sababu ya kusoma ulinganisho huu hadi mwisho, labda aruke mpaka kwenye Anki, ile ya kukariri. Tatizo ni kwa anayechanganya. Kwenye Android hakuna programu yake. Utabaki kufungua iCloud kwenye kivinjari, jambo ambalo kwa kunasa wazo ni sawa na kutolifungua kabisa.

Halafu kuna njia ambayo watu wanaona aibu kuitaja: kujitumia ujumbe WhatsApp. Zamani ulilazimika kuunda kundi la mtu mmoja, lakini tangu mwishoni mwa 2022 kuna sehemu rasmi ya kujiandikia. Msidharau. Programu hiyo tayari iko wazi mchana kutwa, kidole kinaijua gizani, na ujumbe wa sauti ni kitufe kimoja. Kasoro yake ni kwamba baada ya dakika 15 huwezi tena kuhariri ulichoandika, na kila kipya kinakizika cha zamani. Mimi naitumia kama kapu la mlangoni: jioni nahamisha vya maana, vingine navifuta. Wiki ninayosahau kuhamisha, kapu linafurika na yaliyomo yanaoza.

Picha nazo. Kupiga picha ubao au ukurasa ni haraka kuliko kuandika, lakini ina gharama. Mwaka 2014 mtafiti Linda Henkel alichapisha jaribio la kwenye jumba la makumbusho: vitu vizima ambavyo washiriki walivipiga picha walivikumbuka vibaya kuliko vile walivyovitazama tu. Waliposogeza kamera kwenye sehemu moja ya kitu hawakupata hasara hiyo. Kwa hiyo nikipiga picha slaidi ya mhadhara sasa nalazimisha mstari mmoja wa maneno yangu chini yake, wa kueleza nimeipigia nini. Mstari kama huo ndio nilioukosa kwenye ile ya bluu.

Limo humo, lakini liko wapi?

Hapa kuna jambo ambalo sisi tunaoandika Kiswahili tunalijua kwa maumivu na wapimaji wa programu hawaligusi. Maneno yetu hubadilika kwa mbele. Umeandika "nimelipa", unatafuta "lipa". Umeandika "vitabu", unatafuta "kitabu". Programu inayolinganisha mwanzo wa neno peke yake itakwambia haina kitu, na wewe utaapa dokezo limefutika. Kwa hiyo kabla hujaingiza maisha yako humo, andika dokezo la majaribio lenye neno "tulikubaliana" kisha tafuta "kubali". Likitokea, vizuri. Lisipotokea, jizoeze kuweka mwishoni mwa kila dokezo neno moja au mawili ambayo hayabadiliki: jina la mtu, la mradi, tarakimu za mwaka. Inachukua sekunde tatu na imeniokoa kuliko lebo zote nilizowahi kubuni.

Evernote ilijengewa jina lake hasa na utafutaji, ikiwamo kusoma maneno yaliyo ndani ya picha. Bado inafanya hivyo vizuri. Lakini kampuni ya Kiitaliano ya Bending Spoons iliinunua, na tangu mwishoni mwa 2023 asiyelipa anaruhusiwa madokezo 50 na daftari moja. Hamsini ni wiki mbili za mtu mwenye shughuli. Kwa anayelipa ni chombo kizuri. Kwa asiyelipa ni onjo.

OneNote ya Microsoft ni ya tangu 2003, bure, yenye madaftari, sehemu na kurasa. Kwenye tableti yenye kalamu ni raha tupu, unaandika popote kama kwenye karatasi. Kwenye simu ukurasa huohuo usio na mwisho unakuwa mkeka usioenea chumbani, unauvuta huku na huku kutafuta pembe uliyoandikia.

Obsidian na Notion, ubishi wa kudumu

Hizi mbili ndizo watu wanazogombania, na mara nyingi wanagombana bure kwa kuwa zinafanya kazi tofauti.

Obsidian, iliyoanza 2020, haina ghala lake la siri. Kila dokezo ni faili ya maandishi ya kawaida, yenye kiishio cha .md, inayokaa kwenye folda ndani ya simu au kompyuta yako. Unaweza kuifungua kwa programu yoyote ya maandishi, na mtandao ukikatika haijui hata kwamba umekatika. Uchawi wake ni mabano: ukiandika [[mkutano wa Machi]] katikati ya sentensi, maneno hayo yanakuwa mlango wa kuingia kwenye dokezo hilo, na dokezo hilo nalo linajua ni nani wanaolitaja. Baada ya mwaka mmoja unafungua jina la mtu na kuona kila mahali ulipomtaja. Kwa mwandishi, mtafiti, au yeyote anayerudia mada zilezile kwa miaka, sijaona kinachoikaribia.

Haitozi kitu, hata kwa matumizi ya kazini tangu 2025. Kinacholipiwa ni huduma yao ya kusawazisha vifaa, na hapo ndipo mwiba ulipo, maana kusawazisha kwa njia zako mwenyewe kati ya simu na kompyuta ni kazi ya fundi. Utahariri dokezo moja pande zote mbili kabla hazijaonana, halafu utakuta nakala mbili zinazogombana. Na ukishaipachika viongezi kumi na tano, yaani vijiprogramu vya kuiongezea uwezo, kwenye simu ya kawaida itakuwa inajivuta kila ukiifungua. Juu ya hapo kuna mtego wa kujipamba. Wiki yangu ya kwanza niliimaliza nikichagua rangi, fonti na viongezi. Dokezo pekee nililoandika wiki hiyo lilihusu namna ya kupanga madokezo.

Notion ni jambo jingine. Kila kitu ndani yake ni kipande unachoweza kukisogeza, na nguvu yake ni jedwali. Unaorodhesha kazi za kikundi mara moja. Mmoja anaziona kama kalenda, mwingine kama ubao wenye safu za "bado", "inaendelea" na "imekwisha", na wa tatu kama orodha ya kawaida, na wote wanagusa taarifa zilezile. Kwa watu wanne wanaoandaa kitu pamoja ni nzuri mno, na Obsidian haiwezi kuigusa kwa hilo.

Lakini kwenye simu ni nzito. Unaifungua, unasubiri, unachagua ukurasa, unasubiri tena kidogo. Kwa miaka mingi bila intaneti ilikuwa karibu haina maana. Agosti 2025 ndipo ilipoanza kuruhusu kazi nje ya mtandao, na hata sasa inabidi uhakikishe ukurasa unaoutaka umeshapakuliwa. Ukikumbuka kuupakua kabla ya safari, safi. Sisi tunaozungumziwa hapa ni watu wa kusahau. Asiyelipia, vilevile, hawezi kupakia faili inayozidi megabaiti 5.

Mwenye kuandika peke yake kwa muda mrefu achukue Obsidian, na wanaopanga kwa pamoja wachukue Notion. Anayetaka kunasa wazo akiwa amesimama kwenye foleni asichukue yoyote kati ya hizo.

Kukumbuka kwa wakati

Todoist imekuwapo tangu 2007. Sifa yake ni kwamba unaandika kazi na siku katika mstari mmoja, nayo inaitambua siku yenyewe na kuipanga. Inaelewa lugha kadhaa kwa namna hiyo, Kiswahili hakimo, kwa hiyo utaandika siku kwa Kiingereza katikati ya sentensi yako au utagusa kalenda. Nimezoea, ingawa kila mara najisikia kama namtafsiria mgeni. Bila kulipa unapata miradi mitano, na kwa mtu mmoja inatosha.

Microsoft To Do haina mbwembwe hizo lakini ina orodha iitwayo siku yangu, ambayo usiku inajifuta yenyewe. Ulichoshindwa kufanya kinarudi kwenye orodha yake ya asili, na asubuhi unaanza na ukurasa mweupe ukichagua upya. Aliyewahi kuamka akakuta kazi 43 zilizochelewa, zote kwa wino mwekundu, ataelewa kwa nini hili ni jambo kubwa. Kwa wanaokatishwa tamaa na orodha ndefu ningewapa hii kabla ya Todoist. Walio kwenye Keep tayari wajue kwamba vikumbusho vyake Google imevihamishia kwenye programu yake ya Tasks, basi wasishangae vikitokea huko.

Lolote utakalochagua, ingia kwenye mipangilio ya betri ya simu. Simu nyingi za Android huzilaza programu ambazo hazijafunguliwa karibuni ili kuokoa chaji, na kikumbusho cha asubuhi kinakufikia mchana. Watu wamebadilisha programu tatu kwa kosa ambalo lilikuwa la simu.

Kujua kichwani

Zote hapo juu zinakumbuka kwa niaba yako. Anki ni ya kukumbusha ubongo wenyewe, na ndiyo sababu kuilinganisha na Keep ni kulinganisha ghala na uwanja wa mazoezi.

Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha polepole. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma tena na wale waliojipima bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kupitia madokezo yako yenye rangi nzuri kunakupa ile hisia ya dakika tano.

Anki, iliyoanzishwa na Damien Elmes mwaka 2006, inakupa swali, unajibu kimoyomoyo, unageuza kadi, kisha unakiri ulivyopata kwa kimoja kati ya vitufe vinne. Ukikosa kadi mpya, inarudi baada ya dakika moja. Ukipata, inarudi baada ya dakika kumi, kesho, siku chache, wiki kadhaa, miezi. Hesabu yake ya awali ilitokana na mbinu ya SuperMemo, programu ya kukariri ya miaka ya 1980; tangu 2023 ina hesabu mpya iitwayo FSRS, inayojifunza mwendo wako mwenyewe wa kusahau. Iwashe.

Kinachowashinda wengi ni kutengeneza kadi. Kadi yangu ya kwanza iliuliza: "Eleza mifupa ya mguu." Kila ilipotokea nilitaja mitatu, nikasahau miwili, nikashindwa kujua nibonyeze kitufe kipi. Niliivunja. Moja ikauliza mfupa wa paja unaungana na upi kwenye nyonga, nyingine ikauliza upi kati ya miwili ya chini ya goti ndio mnene. Swali moja, jibu moja, sekunde tano. Kadi zikawa nyingi lakini zikawa nyepesi.

Onyo la pili ni deni. Anki huanza kwa kukupa kadi mpya 20 kwa siku, na hiyo inaonekana kidogo hadi wiki ya tatu, za marudio zinapoanza kurundikana. Niliiacha siku tisa nikiwa naumwa, nikarudi nikakuta kadi zaidi ya mia sita zinanisubiri, nikaifunga tena. Kilichonirudisha ni kushusha kadi mpya hadi sifuri na kula deni kidogo kidogo. Anza na tano kwa siku.

Sura yake ni mbaya, tuseme ukweli. Inafanana na programu ya ofisini ya miaka mingi iliyopita. Kwenye Android inaitwa AnkiDroid, ni ya bure na inatengenezwa na watu wa kujitolea. Kwenye iPhone inalipiwa mara moja, na fedha hizo zinasaidia kuendesha mradi. Asiyetaka kulipa anatumia AnkiWeb kwenye kivinjari.

Mlango wa kutokea

Programu hufa. Wunderlist, iliyopendwa kuliko nyingi, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015 na kufungwa Mei 2020. Kwa hiyo kabla hujahamia, angalia utatokaje. Obsidian haina cha kutoa kwani faili ziko kwako tayari. Keep inatoa kwa huduma ya Google Takeout. Notion inatoa maandishi ya .md na majedwali ya CSV. Evernote inakutaka uwe kwenye kompyuta, na inatoa faili ya .enex ambayo si kila programu inaisoma.

Kwa siri za kweli, kama nywila au maelezo ya afya, Keep na Notion hazifungi taarifa kwa namna ambayo hata mwenye seva hawezi kuzisoma. Standard Notes, ambayo tangu 2024 iko chini ya kampuni ya Proton, imejengwa kwa ajili hiyo, na dokezo lililofungwa kwa nenosiri kwenye Apple Notes nalo liko salama zaidi kuliko jirani zake.

Ukishachagua, usihamishe madokezo yote siku ya kwanza. Ingiza ishirini tu, yakiwamo mawili yenye picha na moja la sauti. Tafuta lile la "kubali". Zima data na Wi-Fi, funga programu kabisa, ifungue tena, halafu jaribu kusoma dokezo la juzi na kuandika jipya. Washa data, fungua kompyuta, uone kama lile jipya limefika lenyewe. Mwisho toa yote ishirini kama faili, uyafungue kwenye programu nyingine, na uhesabu kama picha mbili na sauti moja zimetoka nayo.